Glovu ya sensa, mpira wa presha, kamera ya simu au mpini wa mzani: kipi kimfae mwenye baridi yabisi ya vidole

Glovu ya kupimia vidole niliyoihangaikia miezi mitatu ilishindwa na kidole kimoja tu. Kidole cha kati, mkono wa kulia wa mamdogo, pale kwenye fundo la katikati, asubuhi kinavimba mpaka ile pete ya fedha aliyoivaa miaka na miaka alishaivua akaifunga kwenye pindo la khanga. Nimefika Mikindani saa kumi na mbili na nusu, shikamoo mamdogo, marahaba mwanangu, nikatoa glovu na mawaya yake tukaanza kuvalisha. Gumba kikaingia, cha shahada kikaingia kwa kusukumasukuma, cha kati kikagoma palepale kwenye fundo, mi navuta huku naogopa, yeye kauma mdomo, afu akaangua kicheko akasema "mwanangu, hii umeishonea vidole vya mwali, si hivi vyangu." Dakika sita zimekatika na hatujapima kitu.

Kwa hiyo haya ni ya mtu aliyeharibu hela zake mwenyewe. Mi ni fundi simu na redio hapa Mtwara mjini, si daktari, ila nimetengeneza au nimeshika vyote vinne ninavyovilinganisha hapa, na kuna vijana wa vyuo wananiuliza kila siku project gani wafanye ya mkono, na kuna watu wana mama zao nyumbani wanataka tu kitu cha kumsaidia. Msimamo wangu nausema mapema ili asiye na muda asihangaike: kwa nyumbani chukua mpira wa presha, kamera ya simu iwe ya pili, glovu waachie hospitali na watafiti, mpini wa mzani una watu wake wachache. Sababu ndo ndefu.

Kwanza tuelewane tunapima nini, maana huku kwetu baridi yabisi ni jina la kila kitu. Mgongo ukiuma baridi yabisi, goti la mzee baridi yabisi, jongo nayo wanaiita hivyohivyo, na lawama zote anabebeshwa upepo wa bahari. Ninayoisema mimi ni ile ambayo kinga ya mwili yenyewe inageuka na kushambulia ngozi laini ya ndani ya viungo. Inawapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, inapiga mikono yote miwili kwa kufanana, na ina mahali pake inapopapenda: fundo la shina, pale kidole kinapotoka kwenye kiganja, fundo la katikati, na kifundo cha mkono. Fundo la ncha karibu na ukucha mara nyingi inaliacha. Ukiona yanayovimba ni ya ncha tu, uwezekano mkubwa hiyo ni habari nyingine, ya viungo kulika, na hata kifaa chake kitakuwa kingine.

Madaktari wana hesabu yao inaitwa DAS28, wanakagua viungo 28 kuona ugonjwa umewaka kiasi gani. Kaa uhesabu: mafundo ya shina 10, ya katikati 10 ukijumlisha na la gumba, vifundo vya mkono 2. Hivyo ni 22 kati ya 28, vyote viko kwenye mikono. Vilivyobaki ni mabega, viwiko na magoti. Ndo maana ukiweza kuuangalia mkono vizuri umeuona ugonjwa karibu wote.

Tatizo la pili ni saa. Huu ugonjwa unakakamaza mikono asubuhi, saa nzima na zaidi ikiwa umewaka, afu kadiri mtu anavyojinyoosha na kuoshea maji ya uvuguvugu vinalegea. Sasa mamdogo anapanda daladala, anakaa foleni, mpaka anaonana na daktari ni saa sita mchana na vidole vimeshafunguka, anaulizwa unaendeleaje, anasema namshukuru Mungu. Imeandikwa anaendelea vizuri. Kifaa cha nyumbani thamani yake yote iko hapo, kinaona saa kumi na mbili asubuhi ambayo daktari haioni. Na saa hiyohiyo ndo mikono ni mibovu kuliko saa zote za siku, kwa hiyo kifaa chochote ambacho mgonjwa hawezi kukitumia mwenyewe kwa mikono hiyo mibovu kimejifuta chenyewe. Hili nililijua baada ya kushona glovu, si kabla.

Nianze na glovu sasa, maana ndo inayowavutia vijana wote, na mimi ilinivutia. Unashona fleksi sensa mgongoni mwa kila kidole, ni kiutepe ambacho kikikunjwa ukinzani wa umeme unapanda, unasoma kwa Arduino au ESP32, vile vibodi vidogo vya kompyuta, namba zinaruka kwenye skrini, kila mtu anapiga makofi. Hesabu ya kwanza ni bei, kiutepe kimoja kabla hata ya usafiri ni kama hela ya kilo kumi za mchele, na vidole ni vitano. Ila bei si ubaya wake mkubwa. Ubaya ni kwamba kiutepe kirefu kinachopita kidole kizima kinakupa namba moja tu ya kidole kizima. Fundo la shina likikunjika sana na la katikati likikataa, namba ni ileile kama kinyume chake. Na tumeshasema ugonjwa huu unachagua mafundo! Unahitaji kujua lipi limekataa. Utanunua viutepe vifupi viwili kwa kila kidole, sawa, sasa ni kumi kwa mkono mmoja, na mikono ni miwili.

Wengine wanakimbilia vichipu vya mwendo kama MPU-6050, kimoja kwa kila pingili ya kidole. Vizuri, ni bei rahisi na pembe ya kila fundo unaipata. Ila MPU-6050 ina anwani mbili tu kwenye waya za I2C, zile vichipu vinazotumia pamoja kupitishia namba, 0x68 na 0x69, ukitaka vichipu zaidi ya viwili lazima uweke swichi ya kugawa njia kama TCA9548A yenye njia nane, na kila kichipu kina waya nne, sasa hesabu mwenyewe msitu wa waya juu ya mkono unaouma. Na namba zake zinahamahama taratibu upande wa kuzunguka, unaanza na nyuzi sifuri unamaliza na kumi na mkono haujasogea.

Afu kuna hili ambalo halimo kwenye video yoyote ya mafunzo niliyoangalia. Glovu hizi za kujitengenezea kabla ya kupima zinataka uziseti: nyoosha mkono uwe bapa juu ya meza, halafu funga ngumi kabisa. Sasa mwenye ugonjwa huu hawezi kunyoosha bapa na hawezi kufunga ngumi, ndo anachoumwa! Kwa hiyo sifuri yako ni ya uongo, na kesho inakuwa uongo mwingine kwa sababu leo kanyoosha zaidi ya jana. Utaona anazidi kuwa mbaya kumbe kaanza na mkono mzuri zaidi. Mi nilikaa wiki mbili nalaumu programu.

Tuongeze jasho la Mtwara na chumvi ya upepo. Viunganishi vyangu vilipata kutu ya kijani ndani ya mwezi, na glovu haifuliki. Mtu anaamka, anapika, anakuna nazi, anapara samaki, utamwambia avae kitu kisichofuliwa?

Haki yake niiseme pia. Glovu inaona mwendo wenyewe, kasi ya kidole kufunguka, kutetereka katikati ya safari, vidole vyote kwa mpigo, na hakuna kati ya hivi vingine kinachoweza hivyo kwa ufasaha huo. Ndo maana watafiti hawajaiacha, Taasisi ya Tyndall kule Cork, Ireland, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ulster waliishughulikia glovu ya vichipu vya mwendo kwa wagonjwa hawahawa. Ukiwa na mtaalamu wa kuvalisha, meza safi na nusu saa, glovu ni kitu. Na kama lazima utengeneze, usitengeneze glovu. Mimi ya pili niliifanya mgongo tu, kipande cha kitambaa kinalala juu ya mkono, vidole vimeshikwa na vipete vya mpira laini vilivyo wazi upande mmoja, upande wa kiganja hamna kitu. Hii anavaa kwa dakika mbili, na hachubuki.

Mpira wa presha sasa. Hii haina mbwembwe, na wala sikuibuni mimi, wataalamu wa viungo walikuwa wanaitumia toka zamani. Unachukua mashine ya presha ya kawaida, ile ya saa ya mshale inayouzwa maduka ya dawa, mkanda wake unauviringisha mpaka uwe kama mhindi mnene, unaufunga kwa mfuko wa kitambaa ulioshonwa usifunguke. Unapuliza mpaka mshale usimame kwenye 20, unafunga valvu, mgonjwa anashika na kuminya kadiri anavyoweza bila kujiumiza, unasoma mshale umefika wapi. Mara tatu, unapumzika katikati, unachukua wastani. Basi!

Uzuri wake uko kwenye kushika. Ni laini, kinajikunja kufuata mkono uliopinda, fundo lililovimba halikutani na chuma. Siku ya kwanza mamdogo aliamka, akaminya, mshale ukafika 44. Mi nikataka kuondoka, yeye akasema ngoja nichemshe chai turudie. Saa moja na nusu tukapata 58, saa mbili na nusu 79, saa tatu na nusu 81, ikagoma hapo. Hapo ndo nikaelewa nimeshika nini, maana sikuwa nimepima nguvu peke yake, nilikuwa nimepima urefu wa asubuhi yake. Namba inapanda mpaka inatulia, na muda wa kutulia ndo muda wa kukakamaa umeisha. Ukimuuliza mtu kwa mdomo mikono inakakamaa muda gani anasema "mpaka jua lipande", leo nusu saa kesho masaa mawili, yote ni jua limepanda. Mshale haujui jua.

Ubaya wake: haujui kidole. Gumba likilala vidole vingine vikafanya kazi huoni. Namba yako pia usiilinganishe na ya jirani, mkono mdogo na mkono mkubwa kwenye mkanda uleule vinatoa presha tofauti, na ukiviringisha upya kwa unene mwingine umeanza kipimo kipya, ndo maana nasema shona mfuko usifunguke. Na kuandika! Mtu ambaye hawezi kushika kalamu unamwambia aandike namba mara nne kila asubuhi. Tulikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli tukauvingirisha kwenye kalamu mpaka ikanenepa kama kidole gumba, akaanza kuandika mwenyewe kwenye daftari la mjukuu. Anayependa umeme aweke sensa ya presha kama MPX5050 kwenye mrija, inasoma mpaka kilopaskali 50 ambayo ni kama 375 za kwenye saa ya presha, saa yenyewe inaishia 300, kwa hiyo inatosha na inabaki. Ila anza na mshale. Umeme ukikatika mshale haukatiki.

Kamera ya simu ndo iliyonishangaza, nilikuwa naidharau. Google walitoa MediaPipe mwaka 2019, programu inauangalia mkono kwa kamera ya kawaida na kuweka nukta 21 kwenye mafundo yote, kutoka hapo pembe ya kila fundo unaipiga kwa hesabu za sekondari tu. Inafanya kazi ndani ya simu, ukishaiweka haiombi bando. Na jambo kubwa kuliko yote, hamna cha kuvaa. Hamna kinachogusa kidole kinachouma.

Ila ina kiburi chake. Kidole kikikunjika kuelekea kamera, kina chake inakibahatisha, kwa hiyo mkono ulale ubavu kamera ione mkunjo kwa pembeni. Ngumi ikifunga vidole vinajifichana na nukta zinaanza kucheza ngoma. Mwanga wa saa kumi na mbili asubuhi ndani ya nyumba ya dirisha dogo hautoshi, tulihamia barazani, na nyuma ya mkono tukatandika shuka jeupe badala ya khanga yenye maua maana programu ilikuwa inachanganyikiwa. Simu inasimama kwenye kopo la maziwa nililolikata mdomo. Halafu nani abonyeze? Weka kaunta ya sekunde kumi, mgonjwa asihangaike na kioo.

Kitu kimoja kamera inaona kirahisi kuliko vingine: vidole kulala upande wa kidole cha mwisho, ile mikono ya wagonjwa wa siku nyingi inayoonekana kama imepigwa na upepo. Fleksi sensa haioni kabisa kwa sababu haipimi kulalia pembeni. Mpira wa presha ndo kabisa. Picha moja kwa juu kila mwezi, mkono umelala kwenye karatasi ya mistari ya daftari la hesabu, simu sehemu ileile, inatosha. Hata bila programu macho yanaona.

Mpini wa mzani sitakaa nao sana. Ni lodiseli kama ya mizani ya kupimia korosho, unaiweka katikati ya vyuma viwili vya kushika, unaisoma kwa HX711, kichipu cha kusomea mizani ambacho kina biti 24, inaona hata uzito wa kidole kilichoegemea. Mahospitalini kuna Jamar, kipimo cha nguvu ya mkono cha mafuta kinachosoma mpaka kilo 90, na kwa mkono wa kilo nne au tano mshale wake hata hauamki vizuri. Lodiseli inatatua hilo. Haitatui ugumu wa chuma, unaminya kitu kisichosogea kwa mafundo yanayowaka, inauma, na mtu anayeumia haminyi nguvu yake yote, anaminya hofu yake. Umefunga sponji? Afadhali. Inamfaa yule ambaye dawa zimeshatuliza ugonjwa, ni fundi au mkulima, anataka kujua kama mkono unarudi kazini, na namba yake ni kilo ambayo kila daktari anaielewa bila kuelezwa. Mpira wa presha inabidi uelezee kidogo.

Halafu kuna hizi glovu za roboti za hewa zinazouzwa mtandaoni, zinakukunja na kukukunjua vidole zenyewe. Hizo zimelenga waliopooza kwa kiharusi, tatizo lao ni amri haifiki mkononi, mafundo yenyewe mazima. Huyu wa kwetu amri inafika, fundo ndo bovu, sasa mashine isiyosikia maumivu inasukuma fundo lililovimba. Sizihesabu kwenye huu ulinganisho, usimnunulie mama.

Kuhusu mazoezi, maana kifaa cha kupima bila mazoezi ni kama kupima mtoto kila wiki bila kumlisha. Uingereza walifanya utafiti unaitwa SARAH, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015, wagonjwa 490 kwenye hospitali 17, waliopewa mazoezi ya mikono pamoja na dawa zao walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya miezi 12 kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mazoezi saba ya kunyoosha na manne ya nguvu, kila siku nyumbani, hayahitaji glovu wala roboti. Kwa hiyo kifaa chako kiulize kinasaidiaje hayo. Kamera inahesabu marudio na inaonyesha kidole gani hakifiki. Mpira unaminywa uleule kama zoezi na kama kipimo, mamdogo ndo anavyofanya, na anafurahi kushindana na namba ya jana. Nilimkataza kushindana siku fundo lina moto na limevimba, siku hiyo ni kunyoosha taratibu tu na mpira unakaa kabatini, na hili mwambie mtaalamu wa mazoezi tiba akupangie yeye, si mimi fundi redio. Na dawa zisiachwe kwa sababu namba imepanda, namba imepanda kwa sababu ya dawa.

Tukivipanga vyote mbele ya mlango saa kumi na mbili asubuhi: mpira anaushika mwenyewe, kamera haishikwi, mgongo wa sensa unahitaji mtu wa kusaidia, glovu kamili inahitaji watu wawili na subira, mpini anaushika na kuuweka chini kwa hasira. Kikiharibika, mpira ni mrija na valvu, unapata hapahapa mjini. Kamera ni simu, niletee. Sensa ya glovu ikikatika unasubiri mzigo utoke Dar au nje kabisa. Nilishaagiza viutepe kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, viwili vikaja vimekufa, akanijibu nipige picha nimtumie, nikapiga, kimya mpaka leo.

Mwanafunzi anayetaka project, ushauri wangu tofauti kidogo. Usifanye glovu ya saba chuoni kwenu. Unganisha kamera na mpira: mgonjwa anaminya, sensa ya presha inatoa nguvu, kamera kwa pembeni inaona vidole gani vimejikunja kuzunguka mpira na vipi vimebaki vimesimama. Pengo la mpira ni kutojua kidole, pengo la kamera ni kutojua nguvu, vinazibana. Sijaona mtu kaifanya huku kusini, na vifaa vyote unavyo. Ila nenda na mtu wa tiba kazi toka siku ya kwanza, na kaa na mgonjwa asubuhi, usimpime saa nane mchana chuoni ukasema kifaa kinafanya kazi.

Mamdogo kliniki iliyopita alienda na daftari lile la mjukuu, nyuma kuna hesabu za kugawanya mbele kuna asubuhi zake. Daktari akafungua, akauliza hii 81 ya saa ngapi, na hii inayofika saa tano bado haijatulia ni ya wiki gani. Ilikuwa wiki alizokosa dawa. Hakuuliza unaendeleaje.

Kilichobaki kunisumbua ni kitu kidogo. Ile skrubu ya valvu ya mashine ya presha ni nyembamba, inataka kubanwa na ncha za vidole viwili, na ncha za vidole viwili ndo hana. Kila asubuhi alikuwa anamwita mjukuu aje kufunga. Nikatoboa kizibo cha chupa kubwa ya maji, nikakibandika juu ya skrubu kwa gundi ya chuma, sasa anakizungusha kwa kiganja. Wiki hii kizibo kimebanduka mara moja, natafuta gundi nyingine.